Marehemu na Buti la Rafiki Yake

Baba yangu aliitwa Marehemu kwa miaka hamsini na tisa kabla hajafa. Mtaani kwetu hakuna aliyeona ajabu. Mtu akiulizia fundi mzuri wa viatu aliambiwa, "Pita pale bombani, ukifika mlango wa bluu muulize Marehemu." Wageni wengine walisita, na wapo waliogeuza njia. Waliojikaza kuja walimkuta mzee mfupi kwenye kigoda, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea, misumari midogo ameibana mdomoni, akiwatazama miguuni kwanza na usoni baadaye.

Sisi wanawe tulikuwa wanne, na wote tuliitwa watoto wa Marehemu. Siku moja mwalimu mgeni alimuuliza kaka yangu mkubwa baba yake ni nani. Kaka akajibu, "Marehemu." Mwalimu akampa pole, akamwambia akae, na kwa wiki nzima hakumdai kazi ya nyumbani. Kaka hakuwa mtu wa akili nyingi, lakini siku hiyo alizitumia zote.

Jina lenyewe lilitoka vitani. Baba alikwenda akiwa na miaka ishirini na miwili, ameoa miezi minne tu. Mambo ya vita sitayasimulia sana kwa sababu na yeye hakuyasimulia. Ukimuuliza kuhusu bunduki atakueleza matope. Ukimuuliza kuhusu adui atakueleza chawa. Kitu kimoja tu alikieleza kwa kirefu, nacho ni mabuti, na hapo hata ukitaka kwenda kulala hakuachii.

Mtunza stoo wa jeshi, alisema, aligawa mabuti kwa kuangalia kimo cha mtu. Baba alikuwa mfupi, akarushiwa namba saba. Sasa mguu wake wa kushoto ulikuwa mkubwa kuliko wa kulia tangu kuzaliwa, kwa hiyo kulia alitembea na kushoto aliteseka. Kwenye mstari huohuo alikuwapo kijana mrefu sana ambaye wenzake walimwita Mlingoti. Huyo alipewa namba tisa kwa sababu ya urefu wake, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa mdogo, ukawa unaogelea ndani ya buti. Jioni ya pili walikaa chini wote wawili wakivua soksi, wakatazamana miguu, wakacheka. Wakabadilishana mabuti ya kushoto. Tangu hapo kila mmoja alitembea na buti moja la mwenzake, na urafiki wao ukawa ni huo, maana huwezi kumnunia mtu aliyevaa kiatu chako.

Ndani ya kila buti palipigwa muhuri wa namba ya askari. Wao hilo hawakulifikiria kabisa.

Miezi mingi baadaye, asubuhi, wakivuka daraja, bomu liliangukia kundi lao. Mlingoti alikufa palepale. Baba aliumia kichwa, akabebwa na gari la kikosi kingine hadi hospitali ya mbali, na kwa wiki kadhaa hakujua hata jina lake. Waliozika maiti walikuwa na haraka. Kwa kila mmoja walivua buti moja, wakasoma namba, wakaandika. Kwa Mlingoti walivua la kushoto.

Kwa hiyo simu ya maandishi ilikuja nyumbani kwetu. Mama yangu akawa mjane akiwa na miaka kumi na tisa. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Mjomba wa baba alichukua koti la sufu la marehemu ili, kama alivyosema, lisiliwe na nondo. Baiskeli nayo ikapata mlezi wake. Ilipita miezi minane.

Siku aliyorudi, mchana kweupe, mama alikuwa uani anafua. Aliinua macho akamwona mumewe amesimama mlangoni, amekonda, kichwa kina kovu. Hakupiga kelele wala hakuzimia. Aliinua beseni la maji ya sabuni akammwagia lote. Baba akalowa chapachapa. Hapo ndipo mama akapiga kelele mtaa mzima ukaja. Miaka yote tulipomuuliza kwa nini alifanya vile, alijibu kama anayeeleza jambo la kawaida, "Mzimu haulowi. Nilitaka kuhakikisha."

Mjomba naye alikuja mbio kumlaki mpwa wake, na kwa haraka alisahau kuvua koti. Baba alimtazama juu hadi chini akasema, "Limekukaa vizuri, mjomba." Likabaki kwake. Mama hakulisamehe koti lile mpaka mjomba anazikwa.

Basi, mtu aliyekwisha kufa mara moja huwa na faida zake. Baba alijua nani angemlilia na nani angekuja kwa ajili ya sahani. Mama naye alipata silaha ya kumshinda kwenye kila ugomvi. "Wewe nilishakulilia," alikuwa akimwambia, "machozi yako yameisha. Safari nyingine utajililia mwenyewe." Baba alicheka na misumari mdomoni, na sisi tuliogopa ataimeza.

Kazi ya viatu alijifunza hukohuko hospitalini, ambako wagonjwa walipewa shughuli za mikono ili wasikae wakiwaza. Aliporudi aligeuza chumba cha mbele kuwa karakana. Nakikumbuka chumba kile kwa harufu: ngozi, gundi, na nta ya kupaka uzi. Katikati palikuwa na mguu wa chuma wa kugongea soli, ukutani nyundo tatu, na kwenye kopo la maziwa msharasi wake wa kutobolea ngozi, mpini umechakaa ukafanya shimo la kidole gumba. Tulilelewa kwa msharasi huo, tukasoma kwa msharasi huo. Baba hakuwa mtu wa kutukumbatia. Mapenzi yake yalikuwa kutupima miguu. Kila miezi mitatu alitusimamisha juu ya kadibodi, akazungusha penseli, akaandika tarehe, kisha akakaa akiitazama ile michoro mmoja baada ya mwingine. "Huyu amekua," angesema peke yake, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu. Kadibodi zote alizihifadhi kwenye sanduku la bati. Nimezikuta juzi. Mguu wangu wa mwaka mmoja unaenea kwenye kiganja.

Juu ya mlango wa karakana palikuwa na rafu, na juu ya rafu mabuti mawili. Moja kubwa, moja dogo. Kila mwaka, siku ileile, aliyashusha, akayapaka rangi, akakagua nyuzi, akayarudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Nilipokuwa na miaka kama minane nilimwambia, "Baba, wewe ni fundi gani, viatu vyako mwenyewe havilingani?" Akanijibu kwamba vinalingana na miguu yake, nami niondoke mlangoni namzuilia mwanga.

Kaka zangu wawili walisoma wakapata kazi za viti vinavyozunguka, na mdogo wetu wa mwisho akaolewa mbali. Mimi wa tatu ndiye niliyebaki na nyundo. Watu walimhurumia baba eti amerithiwa na binti. Yeye aliwaambia binti yake anashona mstari ulionyooka kuliko maneno yao. Alipofika miaka sabini na tisa mikono ilianza kumtetemeka, akijichoma vidole kila siku, nikamnyang'anya msharasi. Tangu hapo akawa msimamizi, na naapa hakuna mteja aliyewahi kunisumbua kama msimamizi yule.

Alikuwa na miaka themanini na miwili daktari aliposema moyo umechoka. Baba hakutishika. Alisema moyo wake umefanya kazi ya watu wawili, una haki ya kuchoka. Lakini mchana mmoja, wateja wameondoka, aliniambia nirudishie mlango na kushusha mabuti. Sikuamini masikio yangu. Nikayaweka mapajani mwake. Akashika lile la kushoto.

"Hili si langu," alisema. "Nataka kulirudisha kwa wenyewe, na peke yangu siwezi. Utanipeleka?"

Nikamuuliza wenyewe ni akina nani, na ndipo akanieleza sehemu ya hadithi ambayo hakuwahi kumweleza mtu.

Alipopona kule hospitalini alikwenda kwa karani wa jeshi kueleza kwamba yeye ni hai na aliyezikwa ni Mlingoti. Karani alirekebisha karatasi na kumhakikishia kwamba familia ya Mlingoti itaandikiwa. Baba akaamini. Mwaka mmoja baada ya kurudi, alitia lile buti kwenye mfuko, akapanda basi kwenda kwao rafiki yake kutoa pole. Mlango ulifunguliwa na kitoto cha kike cha miaka tisa hivi. Nyuma yake akatoka mama mtu mzima, mikono ina unga, na alipoona shati la jeshi uso wake ukang'aa.

"Umetoka kwa mwanangu!" akasema. "Yeye yuko wapi?"

Hakuna barua iliyokuja. Kwa mama yule mwanawe alikuwa mzima, anachelewa tu.

"Nikasema yuko nyuma," baba aliniambia. "Nikasema, yuko nyuma, anakuja."

"Kwa nini, baba?"

"Nilikuwa nimeona nilivyowafanya mama yako na mama yangu kwa kufa. Nikamwangalia yule mama, nikashindwa kumfanyia vilevile."

"Lakini wewe ulirudi!"

"Mimi nilirudi," akasema.

Aliondoka na buti lake mfukoni. Lakini jicho la fundi halilali: alikuwa ameshaona mama yule anavaa namba tano, kisigino kimelala upande wa nje. Mwaka uleule alimshonea viatu akampa dereva wa basi amfikishie. Hakuandika neno. Alidhani anapunguza deni la moyo. Mama yule alidhani ni mwanawe, ana haya ya kurudi mikono mitupu. Dereva alileta salamu, "Mwambie mwanangu aje hata bila kitu." Baba alipozisikia salamu hizo ilikuwa ameshachelewa. Akiacha kutuma, amemuua kijana. Akiendelea, anazidi kudanganya. Akaendelea miaka ishirini na sita.

Kisha dereva akaja na habari nyingine. Mama amefariki, na binti yake anasema, mwambieni kaka aje tumzike mama. Baba hakwenda. Nakumbuka siku hizo, nilikuwa na miaka kumi na minane. Alilala siku tatu akitazama ukuta, akatuambia ni mgongo, na mimi ndiye niliyemkanda kwa maji ya moto. Mwaka uliofuata alituma viatu kwa binti. Vilirudi na kamba ya mzigo haijafunguliwa, na ujumbe wa mdomo: asiyezika mama yake asinivishe viatu.

Ndipo nikaelewa kilichomkaba. Hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kufa huku dada mtu akimlaani kaka aliyekwisha kufa, kwa kosa ambalo Mlingoti hakulifanya. Mtu mmoja tu duniani alijua ukweli, na moyo wake ulikuwa umechoka.

Sikumhurumia. Niseme kweli, nilikasirika hadi nikatupa nyundo. Nilimwita mwoga, baba yangu aliyekwenda vitani, nikamwambia amemfanya mtu asiye na hatia achukiwe miaka thelathini na miwili.

"Ndiyo," alisema. Hakujitetea hata kidogo. Alikaa pale na buti mapajani, mikono juu yake, na hasira yangu ikakosa pa kushika. Nikaokota nyundo. Nikamwambia tutaondoka kesho asubuhi.

Mama alielezwa jioni, wakati tunakula. Alisikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi. Nilitegemea atamrushia maneno, maana mama kwa maneno hakuwa bahili. Alichosema ni hiki: "Kwa hiyo niliyemlilia ni yeye." Kisha akanigeukia. "Mwambie huyo dada kwamba kaka yake alililiwa. Nililia usiku na mchana, nikakonda. Nilikosea jina tu. Machozi yalikuwa ya kweli." Asubuhi alimfunga baba vifungo vya koti mwenyewe, akamwambia asijidai kijana kwenye ngazi za basi.

Nyumba tuliikuta mwisho wa mtaa, ukumbi umefagiwa, ndoo zimepangwa kwa ukubwa. Tulikuwa tumeulizia njiani na kuambiwa mwenyewe ni mkunga mstaafu, nusu ya mtaa imepita mikononi mwake. Baba alikataa nimshike. Alisimama mbele ya mlango, mgongo umenyooka. Akapiga hodi.

Alitoka mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, amevaa kandambili. Urefu ule ulinitosha, sikuhitaji kuambiwa ni dada wa nani.

"Karibuni. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye niliyesema yuko nyuma," baba akasema.

Mama yule alimtazama kwa muda. Nikaona amemkumbuka.

"Nilikufungulia mimi huu mlango," alisema. "Ulikuwa na mfuko." Kisha uso ukajifunga. "Kama amekutuma, rudi umwambie sina kaka. Mwambie mama alikufa akituzuia tusifunge mlango, eti mwanangu atakuta pamefungwa. Tulizika peke yetu. Mwambie hivyo."

"Hakunituma, dada. Amekufa."

"Lini?"

"Kabla hujanifungulia mlango."

Alikaa kwenye kiti cha ukumbini kana kwamba mtu amemsukuma. Baba alimweleza akiwa amesimama. Alieleza mabuti waliyobadilishana, daraja, namba, karani, unga mikononi mwa mama yake. Hakuruka kitu na hakujipendelea. Alipofika kwenye viatu, yule mama aliinua mkono.

"Vile viatu?"

"Nilishona mimi."

"Vyote?"

"Vyote."

"Miaka thelathini na miwili namlaani ndugu yangu," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka sana. "Mwanangu wa kwanza kila mtu alisema apewe jina la mjomba wake. Nilikataa. Nilisema sitaki jina hilo liitwe nyumbani kwangu. Unajua ulichofanya wewe mzee?"

"Najua."

"Hujui. Toka."

Baba hakusogea. Nadhani hakuweza. Nilimshika kwapani nimgeuze, na nikiwa namgeuza nikakumbuka kwamba nina mzigo wa mama yangu. Nikausema pale pale, vibaya, maneno yakigongana. Nikamweleza kwamba mama yangu aliletewa kifo cha Mlingoti kwa jina la baba, kwamba watu walikaa siku zote za msiba, kwamba binti wa miaka kumi na tisa alikonda kwa kulia. "Kaka yako alililiwa, shangazi. Mama anasema alikosea jina tu."

Jirani mmoja alikuwa akianika nguo ng'ambo, akaacha kuanika.

"Lipi ni lake?" aliuliza yule mama.

Baba alitoa mabuti kwenye mfuko akampa la kushoto. Yule mama aliligeuza, akasoma namba kwa kidole, akaingiza mkono wote ndani hadi kwenye vidole vya buti. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na jirani akaja mbio akiwa na shuka lililolowa mkononi, akiuliza kuna nini.

"Nimefiwa," alimjibu. "Leo ndiyo nimefiwa. Kaka yangu amekufa."

Baada ya muda alijifuta uso kwa upindo wa khanga akamtazama baba, ambaye bado alikuwa wima kama mlinzi. "Unasimama unangoja nini? Mfiwa haachwi peke yake. Umeleta msiba, utakaa nao."

Tukakaa siku tatu. Mtaa ulikuja, ukaambiwa, ukashangaa, ukatandika mikeka. Kijana wa zamani, aliyekuwa amesahauliwa na wote isipokuwa kwa laana, alipata msiba wake. Baba aliwekwa karibu na mlango, na kila aliyeingia alimpa mkono kama mfiwa. Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili yule mama alimwambia, "Sema basi alikuwaje. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka magoti tu." Baba akafunguka. Alisimulia mambo ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuyasikia: Mlingoti alikuwa anaimba vibaya mpaka sajini alimwekea zamu ya mbali, alikuwa anakoroma kwa awamu, aliwahi kujificha nyuma ya mti mwembamba akidhani haonekani. Alisema Mlingoti alikuwa na dada mdogo aliyempenda, akimwita Kifungo, kwa vile alikuwa mviringo na alipotea hovyo.

Yule mama aliziba mdomo. Kisha akacheka, akacheka hadi machozi yakarudi, na wanawake waliokuwa naye hawakujua wamshike au wamwache. Jina hilo hakuna aliyebaki hai wa kumwita.

Asubuhi ya kuondoka baba alimwomba radhi. Alipiga goti, jambo ambalo kwa umri wake lilichukua muda, na kumwinua kungechukua zaidi. Yule mama alimtazama pale chini.

"Sijui kama nimekusamehe," alisema. "Nitakuwa mwongo nikisema nimekusamehe. Nimezeeka nikiwa na chuki ambayo haikuwa na mwenyewe." Kisha akavua kandambili, akasogeza mguu mbele. "Lakini kwa kuwa umeshapiga goti, nipime."

Nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu akilia, hata siku ya kumzika mama yake. Siku hiyo alilia. Tuliomba kadibodi kwa jirani. Penseli haikukaa mkononi mwake, nikaushika mkono wake nao ukashika penseli, tukauzunguka mguu ule pole pole. Namba sita. Akaandika tarehe mwenyewe, herufi zimeyumba, na akasema kwa sauti ileile ya karakana, "Huyu amekua."

Kurudi nyumbani alidai msharasi wake. Nilikataa, akadai tena, mama akaniambia nimpe mtu kitu chake. Alishona kiatu cha kushoto kwa wiki saba. Alijichoma, alifumua, alinifukuza nilipotaka kusaidia. Mishono ilikwenda mbele ikarudi, ikapanda, ikashuka. Kilipokwisha alikiweka kwenye rafu juu ya mlango, karibu na buti lake la kulia lililobaki peke yake, akasema cha pili ataanza Jumatatu. Jumapili mchana alilala akiwa kwenye kigoda, na hakuamka.

Habari ilipotoka kwamba Marehemu amefariki, mtaa ulichukua muda kuelewa. Mtoto mmoja aliyetumwa kutangaza alirudishwa mara mbili aseme vizuri. Kuhusu mama, aliyesema machozi ya mumewe yalikwisha zamani, sitasema mengi. Alilia sauti ikakauka. Mtu alipomkumbusha utani wake wa miaka yote alijibu kwa ukali, "Yale yalikuwa ya mwenzake. Haya ndiyo yake."

Usiku ule nilishona cha kulia. Namna gani nilikimaliza kabla ya mazishi sijui, lakini nilikimaliza, mstari umenyooka kama alivyonifundisha, nikampa dereva wa basi la alfajiri jozi nzima pamoja na taarifa ya msiba.

Yule mama alikuja. Alifika wakati watu wamejipanga kutoka, mrefu kuliko wote, akasimama upande wa ndugu bila kuuliza. Mzee mmoja aliniinamia akauliza huyo ni nani wa marehemu, nikamwambia ni dada yake. Nikatazama miguuni kwanza. Alikuwa amevivaa. Kile cha kulia, nilichoshona mimi, kilionekana kama cha dukani. Kile cha kushoto kilionekana kimeshonwa na mtoto, ulimi umekwenda upande, uzi mmoja umechomoza.

Baada ya mazishi nilimfuata nikaona haya kwa niaba ya karakana. Nikamwambia, "Shangazi, kabla hujaondoka niachie hicho cha kushoto nikifumue, nikishone upya. Haitachukua saa."

Akauvuta mguu nyuma.

"Usikiguse," alisema.